Fiziotherapia baada ya upasuaji wa mguu uliovunjika chini ya goti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mzima aliyevunjika muundi, akapasuliwa na kuwekewa chuma, na sasa yuko nyumbani hapa Nairobi na magongo mawili, mguu umevimba, na kila anayekuja kumjulia hali ana ushauri wake. Daktari ameupanga mfupa na kuushika. Kinachobaki ni goti linyooke, kifundo kikunjike na kigimbi kirudishe nguvu, na kazi hiyo hufanyika nyumbani kila siku kwa miezi. Maagizo ya daktari aliyekupasua yakitofautiana na haya, fuata yake. Yeye ndiye aliyeuona mfupa wenyewe.

Kabla sijaruhusiwa kutoka wodini, niulize nini?

Uliza mambo matatu na uombe majibu yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa: nimewekewa chuma cha aina gani, naruhusiwa kukanyagia mguu kwa uzito kiasi gani, na hadi lini. Ongeza la nne ukiweza: goti na kifundo niviache huru nivikunje, au kuna kimoja kinachotakiwa kutulia?

Karatasi hiyo ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Fizio utakayemwona karibu na nyumbani hakuwepo chumba cha upasuaji. Asipojua kiwango cha kukanyagia atachagua njia ya tahadhari, nawe utapoteza wiki kadhaa ambazo ungekuwa unatembea. Au wewe mwenyewe utakisia, ukanyage mapema mno, na skrubu ikatike. Beba pia picha za eksirei, za kabla na za baada ya upasuaji. Kama hospitali inabaki nazo, zipige picha kwa simu zikiwa mbele ya mwanga.

Aina ya chuma inabadilisha nini?

Karibu kila kitu katika wiki 12 za kwanza.

Msumari ni fimbo ndefu inayopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa kuanzia chini kidogo ya pia ya goti, kisha inafungwa kwa skrubu juu na chini. Kwenye karatasi unaweza kuona neno SIGN. Huo ni msumari wa jamii hii, ulioundwa uweze kufungwa hata pale ambapo hakuna mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa kuwa fimbo iko katikati ya mfupa, hugawana nao mzigo. Ndiyo maana wengi waliovunjika katikati ya muundi na kuwekewa msumari huruhusiwa kukanyaga mapema, kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Bamba na skrubu hutumika zaidi mfupa ukivunjika karibu na goti au karibu na kifundo. Hapo shida kubwa ni uso wa kiungo chenyewe. Vipande vilivyopangwa vikididimia kwa uzito wa mwili, kiungo hakitakaa sawa tena na kitasagika mapema. Kwa hiyo aliyevunjika juu, penye goti, mara nyingi huambiwa asikanyage kwa wiki 6 hadi 12. Walio na bamba la kifundo mara nyingi huanza karibu na wiki ya 6. Mgonjwa wa kitanda cha pili akianza kukanyaga siku ya tatu, usimfuate. Huenda chuma chake si kama chako.

Vyuma vya nje, vile vinavyoonekana vikitoka kwenye ngozi, huwekwa hasa pale penye kidonda kikubwa. Safisha kila tundu kama ulivyofundishwa wodini, na usikubali kifundo kilale kikielekea chini kwa sababu tu vyuma vinakuzuia.

Mazoezi yanaanza lini?

Siku ya pili baada ya upasuaji, kitandani, hata kama huruhusiwi kukanyaga. Kutokanyaga si kutosogeza. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa dakika 30 hadi 45 kabla ya kuanza, kisha fanya haya:

- Vuta kidole gumba cha mguu kuelekea usoni, kisha usukume unyayo mbele. Mara 10 kila saa ukiwa macho. Ndiyo pampu ya damu ya mguu. Inapunguza uvimbe na hatari ya damu kuganda.
- Nyoosha goti, kaza misuli ya mbele ya paja kana kwamba unaligandamiza goti kwenye godoro, hesabu hadi 5, achia. Mara 10, raundi 3 kwa siku.
- Telezesha kisigino kwenye shuka kuelekea makalio, rudisha polepole. Mara 10. Ikiwa goti limeruhusiwa kukunjwa, lenga nyuzi 90 kufikia mwisho wa wiki ya pili.
- Goti likiwa limenyooka kabisa, inua mguu wote kimo cha kama sentimita 20, shikilia kwa hesabu ya 3, shusha taratibu. Ukishindwa usijilazimishe kwa kuukunja. Rudi kwenye zoezi la pili kwa siku mbili zaidi.

Vidole vya miguu navyo visisahaulike. Vikikaa bila kusogezwa chini ya bandeji hujikunja kama makucha, na kuvinyoosha baadaye ni kazi.

Mguu nauwekaje nikilala?

Inua kisigino kiwe juu kuliko moyo, kwa mito miwili au blanketi lililokunjwa chini ya kisigino na kigimbi, goti likiwa limenyooka. Kosa tunaloliona zaidi ya yote ni mto chini ya goti. Unastarehesha sana, na ndiyo hatari yake: goti linakaa limekunjwa kidogo usiku na mchana, na baada ya wiki tatu halinyooki. Goti lisilonyooka litakufanya uchechemee hata mfupa ukiwa umeunga vizuri kabisa.

Mara tatu kwa siku weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino peke yake, goti likining'inia hewani, kwa dakika 5 hadi 10. Uzito wa mguu wenyewe utalinyoosha goti.

Ni maumivu gani ya kawaida, na ni yapi ya kukimbilia hospitali?

Maumivu yanayotulia ukiinua mguu na kumeza dawa, uvimbe unaoongezeka jioni, na mguu kubadilika rangi kuwa kama zambarau ukiushusha, hayo yote ni ya kawaida katika wiki za mwanzo. Rangi ikirudi ndani ya dakika chache baada ya kuuinua, usiogope. Mishipa inajifunza upya kurudisha damu juu. Ushushe kidogo kidogo, dakika 5, kisha 10, hadi uzoee.

Yafuatayo hayasubiri kesho:

Siku za kwanza, maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua, dawa haisaidii, kigimbi kimekuwa kigumu kama ubao, na mtu akikuvutia vidole vya mguu unapiga kelele. Hiyo ni presha ndani ya misuli iliyofungiwa, na misuli inaweza kufa ndani ya saa chache. Nenda usiku huohuo. Ukiwa na plasta, ikatwe. Ganzi na vidole vya baridi huja baadaye, kwa hiyo usivingoje.

Kigimbi kilichovimba ghafla, chenye joto na kinachouma ukikigusa, kinaweza kuwa na damu iliyoganda. Kukiongezeka kubanwa pumzi, kifua kuchoma unapovuta hewa au kukohoa damu, ni dharura ya maisha. Kama uliandikiwa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, maliza dozi yote.

Usaha, harufu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kidonda kilichokauka kinachoanza tena kutoa maji. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi tumia mgongo wa mkono: linganisha joto la mguu huu na ule mwingine, na uguse kama ngozi imekakamaa.

Magongo yanapimwaje?

Simama wima ukiwa na viatu. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole vitatu, kama sentimita 5. Mikono ikining'inia, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, ili ukiushika kiwiko cha mkono kikunjike kidogo tu. Uzito unabebwa na viganja. Anayeegemea kwapa hubana mishipa ya fahamu, na baada ya siku kadhaa mkono unakufa ganzi au kiganja kinashindwa kuinuka. Kwapa likianza kuchubuka, dalili hiyo inasema gongo ni refu au mikono imechoka. Dawa yake ni kupima upya. Sponji peke yake haitoshi.

Angalia raba za chini kila wiki. Zikiwa laini bila mistari, badilisha; ni sehemu ndogo na ya bei nafuu, na ndiyo inayokushikilia kwenye vigae vilivyolowa. Magongo yanauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali mjini, na karakana ya APDK (chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya) iliyo Waiyaki Way inafahamika kwa vifaa vya kutembelea. Ukiazima ya jirani, yapime upya. Gongo la mtu mrefu litakuumiza.

Kubeba chai na gongo haiwezekani. Tumia begi la mgongoni na chupa ya chai yenye kifuniko.

Naishi ghorofa ya nne na hakuna lifti. Nitapandaje?

Swali hili ni la nusu ya Nairobi, na ni afadhali ujifunze ngazi ukiwa bado wodini, hata ngazi tatu tu, fizio akiwa nyuma yako.

Kupanda: mguu mzima unatangulia, kisha mguu ulioumia na magongo vinafuata. Kushuka: magongo yanatangulia chini, mguu ulioumia unafuata, mguu mzima unakuja mwisho. Sababu ni moja: mguu mzima ndio unaoinua mwili na ndio unaoushusha polepole. Pakiwa na reli, ishike kwa mkono mmoja, na magongo yote mawili uyashike kwa mkono mwingine au umpe msaidizi. Msaidizi husimama chini yako daima, unapopanda na unaposhuka vilevile. Asikuvute mkono, akushike kwenye mshipi au leso iliyofungwa kiunoni.

Wiki ya kwanza, ukiwa na kizunguzungu au mikono haina nguvu, panda kwa makalio. Kaa kwenye ngazi, mguu ulioumia umeunyoosha mbele, sukuma kwa viganja na mguu mzima, ngazi moja moja. Hakuna aibu hapo, na ndiyo njia salama zaidi. Epuka saa ambazo ngazi zinapigwa deki.

Kama kuna jamaa wa ghorofa ya chini anayeweza kukupa chumba kwa mwezi mmoja, kubali. Watu wanaofungiwa juu hukosa kliniki, na kliniki zikikosekana matatizo yanagunduliwa yakiwa yamekomaa.

Bafu na choo je?

Oga ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kiti kingine, ndoo pembeni. Kidonda kikiwa bado kina nyuzi, kifunike kwa mfuko wa plastiki uliofungwa juu kwa mkanda. Choo cha kuchuchumaa hakifai kwa miezi ya mwanzo, kwa kuwa kinadai goti likunjike karibu kabisa na kifundo kiiname sana. Fundi anaweza kutoboa kiti cha plastiki kikawekwa juu ya tundu. Pachika viti viwili pamoja kwanza, kwa sababu kimoja kilichotobolewa hupasuka miguu, na hakikisha sakafu si ya kuteleza.

Nimeambiwa nikanyagie nusu ya uzito. Nusu ni kiasi gani?

Ukiwa na kilo 70, nusu ni kilo 35, na huwezi kuikisia. Tafuta mizani ya kukanyagia, ile ya bafuni. Weka mguu ulioumia juu ya mizani, na mguu mzima juu ya ubao au vitabu vya kimo kilekile, magongo pande zote mbili. Hamishia uzito polepole hadi mshale ufike 35. Tulia hapo uhisi unyayo, goti, mikono. Rudia mara 10, kisha fumba macho, kanyaga, fumbua uone umefika wapi. Wengi hupitiliza, na ndiyo sababu ya kurudia zoezi hili kila asubuhi kwa wiki moja.

Ukiambiwa "gusa tu", unyayo unalala sakafuni ili mwili usiyumbe, kana kwamba kuna yai chini yake. Usitembee mguu ukiwa umekunjwa hewani kama wa kuku. Hiyo huchosha nyonga na kukaza goti. Kwa walioruhusiwa kukanyaga kadiri ya maumivu, kipimo chetu ni hiki: maumivu hadi 4 kati ya 10 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi yawe yametulia ndani ya saa 24. Ukiamka umevimba zaidi ya jana, punguza kazi ya siku hiyo kwa nusu. Usiache kabisa.

Kifundo changu kimekakamaa, kisigino hakifiki chini. Nifanye nini?

Hili ndilo tatizo linalowakwamisha watu wengi hata baada ya mfupa kuunga, na karibu kila mara lingeweza kuzuilika. Unyayo ukilala ukielekea chini kwa wiki nyingi, kano ya nyuma ya kisigino hujifupisha. Ukianza kutembea, mwili unatafuta njia: mguu unageuka nje, goti linarudi nyuma kupita kiasi, kiuno kinaanza kuuma.

Anza mapema. Kaa kitandani, goti limenyooka, pitisha leso chini ya vidole, shika ncha zote mbili na uvute unyayo kuelekea kwako. Shikilia sekunde 30, mara 4, raundi 3 kwa siku. Fanya pia goti likiwa limekunjwa kidogo, maana kigimbi kina misuli miwili, na ule wa ndani hauvutwi vizuri goti likinyooka. Usiku, kama unyayo unaanguka, uwekee mto mgumu mwishoni mwa kitanda uukanyage.

Ukiruhusiwa kusimama kwa uzito wote, simama mbele ya ukuta, sukuma goti liguse ukuta kisigino kikiwa chini. Sogeza unyayo nyuma sentimita moja moja hadi goti lishindwe kugusa. Pima umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani, miguu yote miwili, andika. Tofauti ikishuka chini ya sentimita 2, umeshinda sehemu kubwa ya vita. Usipoona mabadiliko kwa wiki tatu mfululizo, mwone fizio akusogeze kiungo kwa mikono.

Tahadhari moja: kama huwezi kabisa kuinua unyayo mwenyewe, ingawa mtu mwingine anauinua kwa urahisi, huo si ukakamavu. Ni mshipa wa fahamu. Daktari ajulishwe wiki hiyohiyo.

Naweza kuchuliwa, au kukandwa kwa maji moto?

Juu ya mahali palipovunjika, hapana, hadi daktari athibitishe mfupa umeshikana. Kuchua kwa nguvu kunaweza kusogeza vipande, na kama kuna damu iliyoganda kwenye kigimbi, kunaweza kuing'oa iende mapafuni. Maji moto katika wiki za kwanza huongeza uvimbe. Tumia baridi: pakiti ya maziwa iliyogandishwa, izungushie kitambaa, dakika 15, kila baada ya saa 3. Isiguse ngozi moja kwa moja, na usiweke penye ganzi.

Kovu ni jambo jingine. Kidonda kikishafunga kabisa, bila gamba, kawaida baada ya wiki 3 au 4, paka mafuta ya mgando na ulisugue kwa kidole kwa miduara midogo, dakika 5, mara mbili kwa siku. Kovu lililoshikana na mfupa huvuta kila unapokunja goti. Kama ngozi haivumilii hata shuka, inaungua, inatoa jasho na kubadilika rangi, usiufunike mguu na kuuficha. Uguse kila siku kwa pamba, kisha leso, kisha taulo, na umwambie fizio mapema.

Nile nini mfupa uunge haraka?

Supu ya mifupa ni tamu na inatia nguvu ya kula, lakini kalsiamu inayoingia kwenye maji ya supu ni kidogo sana. Omena wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi kuliko bakuli la supu. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: maharagwe, ndengu, mayai, maziwa, samaki, nyama ukiipata. Ota jua la asubuhi. Acha sigara kabisa. Inabana mishipa midogo inayolisha mfupa, na muundi tangu hapo una damu chache kwa kuwa mbele umefunikwa na ngozi tu. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari isiyodhibitiwa huchelewesha mfupa na kidonda pia. Diklofenaki ya kununua dukani kwa wiki nyingi haifai: inaumiza tumbo na figo, na madaktari wengi hawaitaki mfupa unapoanza kuunga.

Naacha magongo lini?

Usihesabu siku. Tazama mwendo. Unahama kutoka magongo mawili hadi moja pale unapoweza kutembea hatua 20 bila kuchechemea. Gongo moja linashikwa mkono wa upande wa mguu *mzima*, na linasonga pamoja na mguu ulioumia. Wengi hulishika upande wa mguu mbovu na kuuinamia, na kuchechemea kunageuka tabia inayobaki hata maumivu yakiisha. Tembea mbele ya kioo au mtu akurekodi kwa simu. Sikiliza pia: hatua mbili za sauti na muda sawa. Ukisikia moja ndefu na moja fupi, rudisha gongo kwa wiki moja.

Mfupa umeanza kuunga. Sasa nafanya mazoezi gani?

Hapa ndipo wengi hulegea, kwa sababu wanatembea na maisha yameendelea. Kigimbi kilichokonda hakirudi kwa kutembea pekee. Fanya siku 3 au 4 kwa wiki, ukishapata ruhusa ya kubeba uzito wote:

Shika sinki la jikoni, inuka kwa vidole vya miguu yote miwili, shuka kwa hesabu ya 3. Raundi 3 za mara 15. Likiwa rahisi, inuka kwa miwili ushuke kwa mmoja; baada ya hapo mmoja tu. Mguu mzima wa mtu mwenye afya hufanya mara 20 hadi 25, kwa hiyo pima wako kwanza uwe na lengo. Fanya raundi moja ya ziada goti likiwa limekunjwa kidogo.

Keti na kuinuka kwenye kiti bila mikono, mara 10, raundi 3, uzito ukigawanyika sawa. Wengi huukwepa mguu ulioumia bila kujua; usogeze nyuma kidogo kuliko ule mwingine ili ulazimike kufanya kazi.

Kupanda na kushuka kidato kimoja: anza na kimo cha sentimita 10, kisha 20. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiingie ndani. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga.

Kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, kando ya kitu cha kushika. Kisha macho yamefumbwa, kisha juu ya blanketi lililokunjwa. Njia za miguu za Nairobi zina mashimo na mawe, na kifundo kisichojua kujirekebisha kitateguka siku ya kwanza ya mvua. Baiskeli ya jimu bila mzigo inafaa goti likishakunjika kama nyuzi 110.

Mbele ya goti linauma nikipiga magoti. Msumari umeharibika?

Kwa kawaida hapana. Msumari huingizwa kupitia hapo, na maumivu ya mbele ya goti ni ya kawaida sana baada ya upasuaji huu. Kwa wengine hudumu mwaka au zaidi. Kwa sala, kaa kitini hadi liwe tayari. Ukianza tena, weka mto mnene na upunguze muda. Kupiga deki kwa magoti kubadilishwe na mopu ya mpini mrefu. Kuimarisha paja hupunguza maumivu haya kuliko dawa ya kupaka.

Mfupa huchukua muda gani, na nitajuaje umekataa kuunga?

Katikati ya muundi, miezi 4 hadi 6 kwa wengi. Uliotoboa ngozi huchukua zaidi. Dalili ya kutia shaka ni maumivu ya mahali pamoja, palepale palipovunjika, kila unapokanyaga, yasiyopungua mwezi baada ya mwezi, au mguu unaoanza kupinda. Skrubu ikikatika wakati mfupa haujaunga, inaeleza kwamba chuma kimebeba mzigo muda mrefu kuliko kilivyokusudiwa. Usikose eksirei za kliniki kwa sababu tu unajisikia vizuri.

Uvimbe wa jioni, kwa upande mwingine, unaweza kuendelea hadi mwaka bila ubaya wowote.

Matatu, boda, gari na mpira?

Matatu: panda nje ya saa za msongamano, omba kiti ambacho mguu unaweza kunyooka, na mwambie kondakta mapema kwamba gari litahitaji kusimama kabisa. Kuingia tanguliza mguu mzima, kutoka tanguliza magongo na mguu ulioumia. Boda iache hadi uwe huna gongo na unaweza kusimama kwa mguu huo peke yake. Ikiyumba, silika itakufanya ushushe mguu.

Gari la otomatiki na mguu wa kushoto ndio ulioumia, unaweza kurudi mapema usipotumia dawa za kuleta usingizi. Mguu wa kulia ndio wa breki. Uwezo wa kufunga breki kwa haraka hurudi takriban wiki 6 baada ya kuanza kukanyagia mguu, wala si wiki 6 baada ya upasuaji. Jaribu kwanza gari likiwa limezimwa: kanyaga breki kwa ghafla mara 10. Ukisita hata mara moja, ngoja.

Kazi ya kukaa, wiki 4 hadi 8 kulingana na usafiri. Mjengo, kubeba mizigo sokoni au kusimama kutwa, miezi 4 hadi 6. Kukimbia huanza eksirei ikionyesha mfupa umeunga, unatembea haraka dakika 30 bila maumivu, na unainuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 20. Mpira wa kugongana, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12.

Niende kliniki mara ngapi, na kwa nani?

Mara moja au mbili kwa wiki mwanzoni, kisha kila wiki mbili inatosha kwa wengi, mradi mazoezi ya nyumbani yanafanyika. Nauli ikiwa shida, sema wazi. Fizio mzuri atakupa programu ya wiki tatu na kukupima kwa simu katikati. Idara za fiziotherapia zipo hospitali za Kenyatta, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, hivyo omba rufaa ya ile iliyo karibu nawe. Ukienda kwa mtu binafsi, hakikisha ana leseni ya Baraza la Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Kabla ya kuanza, uliza dirishani ni sehemu gani inalipwa na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ni ipi utakayotoa mfukoni.

Kila ziara ikiwa ni kulazwa tu, kuwekewa mashine ya umeme na kurudishwa nyumbani bila kupimwa kiungo wala kupewa zoezi jipya, una haki ya kuuliza mpango ni upi.

Chuma kitatolewa?

Si lazima. Kikikaa kimya, kinaachwa. Hutolewa kama skrubu inachokoza ngozi, kuna usaha, au goti linaendelea kuuma kwa sababu ya ncha ya msumari, na mara nyingi si kabla ya mwaka mmoja na nusu. Baada ya kutolewa, matundu ya skrubu hubaki udhaifu wa mfupa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hakuna kuruka wala mpira hadi daktari aruhusu. Julai ikifika na baridi, wengi huhisi mguu ukivuta asubuhi. Vaa soksi ndefu na ukunje na kunyoosha kifundo mara 20 kabla ya kushuka kitandani.